Namba Sita

Dundee, Januari, saa kumi za jioni
na taa za barabarani zimekwisha kuwaka.
Nimevaa koti jeupe lisilo langu,
jina la mtu mwingine limeshonwa kifuani,
naponda magome ya Muheza
kwa kinu cha kaure kisicho na mlio wa kinu.

Yalikuja kwa posta, mafungu saba
ndani ya magazeti ya mwaka juzi.
Forodhani waliyashika siku kumi na nne.
Bi Mwantumu alipouliza kama yamefika
nikamwambia yamefika, ila yalihojiwa.
"Kwa Kiingereza?" Akacheka.
"Basi hayakujibu."

Hapa tunayahoji kwa njia nyingine.
Tunayaloweka kwenye spiriti, tunachuja, tunakausha
hadi yabaki masizi chini ya chupa.
Tone moja juu ya bamba jeupe,
bamba linasimamishwa ndani ya kimiminika kama utambi,
tone linapanda, kila dutu inakomea pake.
Kisha Katriona huzima taa,
huwasha ile ya zambarau,
na mjafari, gome la miiba, chungu kama deni,
unang'aa manjano, chungwa, buluu,
mji mzima gizani.
Ana miaka thelathini katika chumba hiki, Katriona,
na bado huyasalimia madoa kwa sauti.

Lakini kwenye sahani za bakteria mjafari ulilala.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Nikapiga simu.
"Ulitia ndimu?"
Ndimu nilidhani ni ya ladha.
Kimya. Upande wa pili kuku walikuwa wanafukuzwa.
"Mwanangu, nani anakunywa mjafari kwa ladha?"

Nikakamua ndimu ya dukani, ngumu kama golori.
Asubuhi, kuzunguka kidonge cha karatasi,
duara tupu, milimita kumi na saba,
bakteria wamesimama ng'ambo
kama watu kwenye ukingo wa mto uliofurika.
Nikalipima kwa rula mara nne.
Daftarini nikaandika *asidi*,
nikafuta, nikaandika *ndimu*.

Namba mbili, hakuna kitu. Namba nne, hakuna.
Namba tano iliua bakteria, ikaua na seli za ini,
nayo ndiyo anayoiuza kuliko zote.

Namba sita niliiacha mwisho.
*Jani la mtoto*, aliandika kwa penseli.
Nilikuwa na miaka minne, nina surua,
na mama alilichemsha siku tatu usiku na mchana,
akaniogesha, akachemsha tena.
Nakumbuka beseni la bati, mvuke,
vidole vyake vimekuwa vya kijani.
Nikalijaribu kwa maji, kwa spiriti, kwa ndimu,
kwa ndimu na majivu, ambayo hakuna aliyeniagiza.
Mashine ikachora mstari
bapa kama Mto Tay usipokuwa na upepo.
Hakuna kilele. Hakuna hata kichuguu.
Katriona akaniwekea chai bila kuuliza.

Usiku nikampigia shangazi.
Nilianza na namba tano. Aliguna,
akasema maini ya Muheza hayakai kwenye chupa.
Hatukuelewana. Tutarudi hapo.
Kisha nikasema: na jani la mtoto, halina kitu.

"Najua," akasema.
"Mtoto wa surua anataka maji, kivuli, na bahati.
Mama yako ndiye alikuwa anazunguka uani
anajikwaruza uso.
Nikampa jani. Nikamwambia chemsha,
usiliache lipoe,
na usilie juu ya sufuria, litaharibika."

Kwenye fomu nikajaza: *hasi*.
Chini yake kuna nafasi, *seli zilizotumika*.
Mapafu, nikaandika.
Ngozi.
Ini.